Siku Mzungu Alipohesabu Ndege wa Bwawani

Dungu hujengwa ili kufukuzia ndege. Hilo analijua kila aliyewahi kulima mtama Naipingo. Unasimamisha nguzo nne, unatandaza kichanja juu, unaezeka nyasi, kisha unakaa pale kutwa nzima na kombeo lako, unapiga kelele mpaka sauti inakauka. Kwa hiyo Mzungu alipowaita vijana wamjengee dungu ukingoni mwa bwawa letu, mahali pasipokuwa na shamba wala suke, eti apande juu atazame ndege na kuwaandika, tulicheka. Mimi nilicheka kuliko wote. Leo nikikumbuka kicheko kile natamani ningerudi siku ile nijizabe kofi.

Ilikuwa miaka ya mradi wa karanga. Waingereza walikuwa wameamua kwamba nchi yetu itawatolea mafuta ya kukaangia, na ili karanga zipate pa kuota ilibidi msitu uondoke. Nachingwea ikajaa mahema, mabati na magari. Katapila mbili zilifungwa mnyororo mmoja mnene, moja huku, nyingine kule, zikaenda sambamba, na kila kilichosimama katikati kikalala. Mume wangu, aliyehamia kwetu baada ya ndoa kama ilivyo desturi yetu, alikuwa na kibarua huko cha kutia mashine grisi. Jumamosi akirudi alikuwa akitaja mahali walipofika wiki hiyo. Kila Jumamosi jina lilikuwa la mahali pa karibu zaidi.

Kati ya mashine hizo na nyumba zetu palikuwa na msitu wa bwawani. Ulikuwa na miombo, mininga na mipingo, na katikati bwawa ambalo halikukauka hata Oktoba, wakati visima vyote vimebaki tope. Baba yangu alikuwa mrina asali, na msitu ule ndio uliokuwa shamba lake. Mizinga yake ya magome ilining'inia humo tangu ujana wake. Ilikuwa zaidi ya arobaini. Najua kwa sababu tangu nikiwa msichana mdogo nilikuwa nikimfuata nyuma na vibuyu, na nilikuwa nikihesabu kimoyomoyo, jambo ambalo lilikuwa mwiko, na ndiyo maana lilikuwa tamu. Asali ile ilituvusha miezi ya njaa. Tuliibeba kichwani mpaka Likunja na Mbekenyera tukabadilishana na mahindi. Msitu ukienda, baba alikuwa mzee mwenye shoka na hana pa kulipeleka.

Basi akaja Mzungu wa ndege. Sisi tulimwita hivyo, na sijui kama aliwahi kuwa na kazi nyingine. Alikuwa mrefu, mkimya, magoti yake yamebabuka kwa jua, na Kiswahili chake kilikuwa cha kufanyia mtihani: kila neno mahali pake, na hamna hata moja lililotoka moyoni. Sitamsingizia. Hakuwa mtu mbaya. Angekuwa mbaya ningelala usingizi miaka hii yote.

Alikuja nyumbani kwetu jioni, akakaa kwenye kinu kilichopinduliwa, akaeleza shida yake. Wakubwa wake walikuwa tayari kuacha vipande vichache vya msitu visimame, palipo na maji, iwapo itaonekana kuwa vina wanyama na ndege wa kutosha. Yeye ndiye aliyetumwa kuangalia. Kwa bwawa letu alipewa siku moja, kuanzia alfajiri hadi jua kuzama. Atakachokiona atakiandika, na asichokiona atamuuliza mwenyeji anayeujua msitu. Mwenyeji huyo alikuwa baba. Lakini baba Kiswahili chake kilikuwa cha salamu na sokoni tu, na karani wa Mzungu alikuwa kambini amelala na homa.

"Binti yako nasikia amesoma," Mzungu alisema.

Nilikuwa nimesoma kweli, kwa masista, mpaka darasa la nne. Nilikuwa na miaka ishirini au pungufu, mtoto wangu wa kwanza anakaa mgongoni. Katika somo la imla sista alikuwa akitusomea sentensi nasi tunaandika, na ukiongeza neno ambalo hakulisema, ulinyoosha kiganja ukala rula. Nilikula rula nyingi mwaka wa kwanza. Mwaka wa nne sikula hata moja. Nilikuwa nimekuwa mtu wa kuandika kinachosemwa, basi, na nilijivunia jambo hilo kama wengine wanavyojivunia uzuri.

"Utaniambia anachosema baba yako, neno kwa neno," Mzungu alisema. "Usiongeze, usipunguze."

"Ndiyo, Bwana," nilijibu, na nikaona ni heshima kubwa.

Tulifika bwawani kabla ya mapambazuko. Mzungu akapanda dungu lake na darubini, daftari, kiko, na mkebe wa biskuti. Baba alikataa kupanda. Alisema mtu mzima hapandi dungu pasipo na mtama, akaketi chini ya nguzo, shoka mapajani na kijinga cha moto kinachofuka pembeni. Mimi nilikaa kwenye ngazi, katikati yao, juu kidogo ya baba na chini kidogo ya Mzungu. Sikuona ubaya wowote wa kukaa pale.

Kulipopambazuka ndege walianza, na naomba niseme ukweli, kulikuwa kuzuri hata kwangu mimi niliyezaliwa hapo. Hondohondo walivuka wawiliwawili wakilia kama watoto walionyimwa. Yangeyange walishuka ukingoni wakawa weupe pee kwenye tope. Mdiria aliketi juu ya tawi kavu, akapiga mbizi, akarudi na kitu kinachopapatika mdomoni. Korongo walikuwa wengi, wale wageni wanaokuja na joto, na Mzungu alifurahi mno akanieleza kwamba hao wanatoka kwao Ulaya, wanaruka safari nzima kuja kwetu. Nikawaza: na hawajang'oa hata mti mmoja walipofika. Sikusema. Siku ile nilikuwa nikisema ya wengine tu.

Kisha wakaja keremkerem, kundi zima, kijani na wekundu, wakicheza juu ya maji. Mzungu alikaribia kuanguka kwenye dungu kwa furaha. Baba akatema mate. Keremkerem hula nyuki.

"Anasemaje?" Mzungu akauliza.

"Hajasema, Bwana. Ametema mate."

Akaandika. Sijui aliandika nini.

Wanyama walikuwa kazi nyingine. Mnyama si ndege, haji kwa sababu umempangia siku. Pongo mmoja alitoka vichakani polepole kunywa maji, akainamisha kichwa, na wakati huohuo Mzungu akafungua mkebe wake wa biskuti. Bati likalia. Pongo hakuonekana tena. Baadaye Mzungu akawasha kiko, na moshi wake mtamu ukashuka ukaenea bwawa zima, na baba akainua pua akanitazama. Alinitazama tu. Mrina asali anajua upepo unaelekea wapi kabla hajajua jina lako. Mtu anayepuliza moshi wa tumbaku upande wa wanyama halafu anauliza wanyama wako wapi, unamwambia nini? Mpaka saa tatu tulikuwa tumeona tumbili, kenge mmoja, ngiri na watoto wake kwa mbali, na kanga. Tembo, palahala, kuro, funo, wote ambao nyayo zao zilikuwa zimekanyagana kwenye tope mbele ya macho yetu, walikuwa wamesimama mahali fulani msituni wakingoja sisi tuondoke.

Mzungu akaanza kuuliza.

"Muulize, palahala huja hapa? Wangapi?"

Nikamuuliza baba kwa Kimwera. Baba akapangusa shoka kwa kiganja, akatazama pembeni, akasema, "Tunawaonaona."

Hapa lazima nisimame nieleze, maana watoto wa siku hizi hawajui na hawataki kujua. Kwetu kitu chenye uhai hakihesabiwi kwa mdomo. Mwanamke mwenye watoto tisa ukimuuliza anao wangapi, atakwambia wapo wawili watatu, tunamshukuru Mungu. Aliyejaza ghala atakwambia tumeambulia kidogo. Ukitaja wingi umeuita wivu, na wivu una miguu. Na warina asali ndio wakali zaidi. Mrina akirudi na vibuyu vinne vimejaa mpaka vinatiririka, ukimuuliza alichopata atajibu, "Nta tu." Wewe unayeuliza unajua. Unasikia "nta tu" na unakwenda kuleta bakuli. Hakuna aliyedanganya wala aliyedanganyika. Kadiri neno lilivyo dogo ndivyo kitu kilivyo kikubwa, na mtoto wa miaka mitano nyumbani kwetu aliijua hesabu hiyo.

Baba aliposema "tunawaonaona" huku akitazama pembeni, alikuwa anasema palahala ni wengi kiasi cha kutisha kuwataja.

Nami nikageuka juu, kwa Mzungu, nikasema kwa Kiswahili safi cha masista: "Anasema huwaona mara mojamoja."

Kalamu ikakwaruza.

"Tembo?"

"Hupita," baba alisema.

"Hupita, Bwana."

"Na mizinga? Yeye mwenyewe ana mizinga mingapi msituni humu?"

Hili lilimchoma baba. Kumuuliza mrina idadi ya mizinga yake ni kumuuliza mtu ana nini chini ya godoro. Lakini mgeni ni mgeni. Baba alicheka kidogo kwa adabu, akajibu kama anavyojibu mtu aliyelelewa.

"Miwili mitatu."

Nilikuwa nimebeba vibuyu kutoka kwenye zaidi ya arobaini. Nilijua mti kwa mti. Nilijua ule wa juu ya mninga uliopinda, ambako baba alianguka akavunjika kidole. Na nikasema, "Miwili au mitatu, Bwana." Kwa sababu aliniambia nisiongeze wala nisipunguze. Kwa sababu rula ya sista ilikuwa bado kiganjani mwangu. Kwa sababu, na hili ndilo linalonikera kuliko yote, nilipenda namna Mzungu alivyotikisa kichwa kukubali kila nikimaliza sentensi.

Mnaweza kusema nilikuwa mdogo. Nilikuwa mama wa mtu.

Kama saa nne mlembe akaja. Mlembe ni ndege mdogo wa rangi ya udongo, hana uzuri wowote, ukimwona humtazami mara ya pili. Lakini yeye ndiye anayejua nyuki wa porini walipojificha, na huja kumwita mtu kwa sauti ya kiberiti kinachotikiswa. Mtu akimjibu, anatangulia mti hadi mti mpaka kwenye asali. Mtu anapasua, anachukua, na anamwachia nta yake. Baba alisimama kabla mimi sijamsikia. Akapiga mluzi ule wake, na ndege akajibu, na baba akaingia msituni bila kuaga.

Mzungu alishuka ngazi mbio kama mvulana. Tulimfuata baba sote, mtoto akigongagonga kichwa mgongoni mwangu, mpaka kwenye mti mmoja mkubwa wenye tundu. Baba akapanda na kijinga cha moto, akapasua, akateremsha masega ndani ya jani pana. Kisha akachagua kipande kizuri, cheupe, chenye watoto wa nyuki ndani, akakiweka juu ya gogo, akarudi nyuma hatua kadhaa kwa heshima. Mlembe akashuka akala mbele yetu. Mzungu alikuwa amevua kofia. Macho yake yalikuwa yamelowa, nayasema niliyoyaona.

"Muulize," alininong'oneza, "ndege kama huyu wako wangapi katika msitu huu?"

Nikamuuliza. Baba alimtazama ndege, si mimi. Mlembe akiwa anakula hutaji wenzake mbele yake. Ni sawa na kumwambia mgeni aliyeko mezani kwako kwamba wanaokuja kula ni wengi. Baba akasema kwa upole, ili ndege asikie:

"Ni huyu."

"Anasema ni huyu mmoja tu," nikatafsiri.

Hata "mmoja" hakusema. Hata "tu" hakusema. Mimi niliyekuwa najivunia kutoongeza neno, siku nzima niliongeza maneno mawili, na nikayaongeza hapo.

Jua lilipokuwa linazama Mzungu alikaa chini ya dungu akajumlisha. Ndege aliowaona kwa macho yake walikuwa ukurasa na nusu, na aliridhika nao. Wanyama walikuwa mistari michache. Alikunja uso. Akanigeukia akaniuliza kama nina hakika kwamba hivyo ndivyo baba alivyosema, kuhusu palahala, tembo, na mizinga. Huo ulikuwa mlango, na aliufungua yeye mwenyewe. Ningeweza kumwambia, "Bwana, tazama nyayo zile. Bwana, kwetu mtu akisema miwili, chukua kapu." Sentensi moja ingetosha.

"Nina hakika, Bwana," nilisema. "Neno kwa neno."

"Wewe ni mkalimani mwaminifu," alisema, akanipa kalamu ya risasi, mpya, nyekundu kwa nje, haijachongwa. Niliibeba nyumbani nimeichomeka kwenye nywele. Njiani baba aliniuliza kama mgeni ameridhika. Nikamwambia ameridhika sana. Baba akasema vizuri, mgeni njoo mwenyeji apone, akanipa kipande cha sega ninyonye kama nilipokuwa mtoto.

Mashine zilifika kabla ya mvua.

Tuliamka tukazisikia, na tulizisikia siku mbili kabla ya kuziona. Baba hakuwa na wasiwasi. Alikuwa ameonyesha kila kitu, alisema, mgeni mwenyewe alivua kofia. Siku ya tatu zilipotokeza upande wa pili wa bwawa na mnyororo wao, baba alichukua shoka lake la kurinia, akaniambia nimfuate, tukaenda kusimama mbele. Walikuwepo Mzungu mwingine, msimamizi, mnene, jasho linamtiririka, na karani wake, kijana wa kutoka mbali ambaye Kimwera hakukijua. Mzungu wa ndege hakuwepo. Alikuwa ameshapelekwa kuhesabu kwingine.

"Mwambie," baba alisema kwangu, "mahali hapa pameandikwa pabaki."

Nikamwambia karani. Karani akamwambia msimamizi. Msimamizi hakukasirika hata kidogo. Aliingia kwenye gari, akatoa bahasha, akampa karani karatasi iliyopigwa taipu. Karani akaisoma kwanza kimya, kisha akatutafsiria kwa Kiswahili, taratibu, kwa adabu. Alikuwa karani mzuri. Hakuongeza wala hakupunguza.

"Palahala, mara mojamoja. Tembo, hupita. Mizinga ya asali, miwili au mitatu. Ndege wa asali, mmoja. Taarifa imetolewa na mrina asali mwenyewe. Mahali hapana umuhimu wa kutosha."

Maneno ya baba yalikuwa yametoka Kimwera yakaingia Kiswahili, yakaingia Kiingereza, yakapigwa taipu, yakalala ofisini, yakarudi Kiswahili, na hayakuwa yamepoteza hata nywele moja. Yalikuwa yamebaki yaleyale, madogo vilevile. Ilibaki niyarudishe yalikotoka.

"Inasemaje?" baba aliniuliza.

Nilitaka ardhi ipasuke. Mtoto alikuwa analia kwa kelele za injini. Nikamwambia. Nikamwambia yote kwa Kimwera, na nilipofika kwenye mizinga nikarudia mara mbili.

"Miwili mitatu?" baba alisema. "Nani kawaambia miwili mitatu?"

"Wewe, baba."

"Mimi?"

"Siku ile. Ulisema. Mimi nilimwambia ulivyosema."

Nilitegemea baba anipige, na ningeshukuru. Sijawahi kumwona mtu mzima akihangaika hivyo kutafuta neno, yeye ambaye hakuwa na haja ya maneno mengi. Mwishowe alisema polepole, kama mtu anayemweleza mtoto kitu ambacho mtoto alipaswa kuwa anakijua.

"Mimi nilikuwa nasema na wewe. Sikuwa nasema na yeye."

Msimamizi akatazama saa yake. Karani akatuomba tusogee, mnyororo ukikatika hurusha watu. Tulisogea. Nilimshika baba mkono, akautoa mkono wake, akasogea peke yake.

Mninga uliopinda ulianguka kabla ya saa sita. Nyuki walitoka wakawa wingu jeusi juu ya katapila, na kwa kitambo kidogo watu waliruka chini wakakimbia, dereva mmoja akajitupa bwawani na nguo zake, na mimi nilifurahi, nakiri, niliomba wafe. Kisha wakaleta matairi wakayachoma, moshi mweusi ukatanda, nyuki wakashindwa, kazi ikaendelea. Mume wangu alikuwepo siku ile na debe lake la grisi. Usiku huo hakula kwetu, na mimi sikumwita.

Ziko hasira za namna nyingi, na zote nimezijaribu. Nimemkasirikia Mzungu wa ndege kwa kulia machozi juu ya ndege mmoja na kuuamini mdomo wa msichana kuliko nyayo zilizo mbele ya buti zake. Nimeukasirikia mradi, ambao karanga zake zilikataa kuota, na baada ya miaka michache wakaondoka wakatuachia udongo mgumu kama sufuria na vyuma vya kutu. Nimemkasirikia hata baba, marehemu, Mungu anisamehe: mtu unaona kabisa anayeuliza ni mgeni, ana kalamu, anaandika, huwezi siku hiyo moja kusema wengi? Lakini kikulacho ki nguoni mwako. Nikishawazunguka wote narudi palepale kwenye ngazi, katikati, juu kidogo ya baba na chini kidogo ya Mzungu.

Kalamu ile niliitia motoni. Ilinuka vibaya, rangi ile.

Wiki chache baadaye, mvua za kwanza zikiwa zimenyesha, baba alikuwa amekaa uani akichonga mpini wa jembe. Mimi nilikuwa napepeta. Mlembe akaja. Alitua kwenye mbaazi nyuma ya jiko, karibu na nyumba kuliko alivyowahi kufika, akaanza kutikisa kiberiti chake. Mbele yetu, kuanzia kwenye mbaazi hizo mpaka macho yalipoishia, hapakuwa na mti. Aliita, akaruka kuelekea ulipokuwa msitu, akafika juu ya kisiki, akarudi, akaita tena.

Baba hakuinua uso.

"Baba," nilisema. "Mlembe."

"Namsikia."

Akaendelea kuchonga. Ndege akaendelea kuita. Ilikuwa haivumiliki.

"Hutamjibu?"

"Mjibu wewe," baba alisema. Hakupandisha sauti. "Wewe ndiye mkalimani. Mwambie miwili mitatu. Mwambie neno kwa neno, usiongeze, usipunguze."

Niliweka ungo chini, nikaenda mpaka kwenye mbaazi, mtoto mgongoni. Mlembe alinitazama kwa jicho moja, akaruka tawi moja mbele, kama wanavyofanya kwa mtu aliyekubali kufuata. Mluzi wa baba niliujua, nilikuwa nimeusikia tangu nizaliwe, lakini haukutoka. Nikaokota donge la udongo nikamrushia. Halikumpata. Nikaokota jingine, na jingine, nikipiga kelele kama mtu aliye juu ya dungu, mpaka alipoondoka.

Niliporudi uani baba alikuwa ameacha kuchonga. Mlembe hakuja tena nyumbani kwetu.